Familia Safarini: Baiskeli Baina ya Mibuni ya Mugutha



Maji mekundu ya Mto Sabaki, yaingiayo baharini kaskazini ya Malindi, hayakuzaliwa Malindi. Sehemu yake ilikuwa mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Kiambu, ikateremka kwa mito ya Ruiru, Theta na Ndarugu, ikaingia Athi. Na Athi, baada ya kukutana na Mto Tsavo, hubadili jina ikaitwa Galana, kisha Sabaki. Mito miwili jirani, Chania na Thika, haikufuata njia hiyo. Yenyewe huungana, ikaenda kuujaza Mto Tana, na Tana humwagika Kipini. Basi udongo tuuonao ukiipaka bahari yetu rangi ya matofali kila masika una nasaba na nchi ya juu. Wiki hii safu yetu inapanda kuitazama nchi hiyo, na inapanda kwa baiskeli.

Sababu ni barua. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, mumewe alihamishwa kikazi mwaka jana, na sasa wanakaa Mugutha, kati ya Ruiru na Thika. Ana mabinti wawili, wa miaka 13 na 10, na mvulana wa miaka saba. Mombasa watoto hao walikuwa na ua wa bibi yao, na jioni walikuwa na ufuo. Huko waliko wana nyumba ya kupanga, lango la chuma, barabara kuu upande mmoja na mashamba ya kahawa upande wa pili. Baba alimnunulia mvulana baiskeli. Mabinti nao wakaomba. Shangazi yao, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, akasema msichana aliyekwisha kubaleghe hapandi baiskeli, na maneno yakaishia hapo. Tangu siku hiyo, mama anatwambia, yule mkubwa akitoka skuli huingia chumbani na simu, wala hatoki hadi wakati wa kula. Mama anatuuliza mambo mawili: je, ni aibu kweli? Na kama si aibu, wapi pa kuendesha, ilhali barabara ile inaua watu?

Maswali yote mawili ni ya haki, na tutayajibu moja baada ya jingine. Tumewahi kuizunguka sehemu hiyo kwa baiskeli, familia kadhaa pamoja, wake kwa waume, na tuyasemayo hapa mengi tumeyaona kwa macho.

KUHUSU AIBU

Safu hii haitoi fatwa. Mwenye haja ya hukumu ana masheikh wake. Lakini twaweza kukumbusha lijulikanalo na wengi: Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini, mara ya kwanza akamshinda, na siku nyingine, mwili wake ulipokuwa umeongezeka, akashindwa. Hatujamsikia mtu akisema heshima yake ilipungua kwa hilo. Na tukitazama karibu yetu, Unguja upande wa Jambiani na Paje, wasichana wenye mitandio huonekana kila asubuhi wakienda skuli kwa baiskeli, na wazee waliokaa barazani hawageuzi shingo.

Tukiichambua aibu yenyewe, twaona kwamba shangazi hakukosea kuwa na wasiwasi. Wasiwasi wake una mambo matatu: vazi lisikae sawasawa, msichana awe mbele ya macho ya watu asiowajua, na awe peke yake mbali na nyumbani. Yote matatu yana dawa. Vazi hushonwa likafaa. Macho ya watu hupungua mtu akiondoka barabarani akaingia njia za mashambani. Na upweke huondoka familia ikienda pamoja, mama akiwa juu ya baiskeli yake mwenyewe. Shangazi ni mtu mzima, hastahiki kuambiwa anyamaze. Aalikwe aje aone. Tumeshuhudia shangazi zaidi ya mmoja waliokuja kukataza, wakaishia kushika kiti cha nyuma kumsaidia mtoto asianguke.

Upande wa pili wa mizani pia upimwe. Shirika la Afya Duniani lasema mtoto na kijana yampasa apate dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na mtu mzima dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Katika mitaa yetu ya pwani kila nyumba ina mgonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu, na wengi wao ni mama zetu. Mwanamke hakatazwi kutembea akiwa mtoto. Hukatazwa kidogo kidogo kuanzia miaka 12 au 13, na akifika 40 daktari humwamuru atembee. Ingekuwa vyema asingeachishwa hata kidogo.

KUHUSU BARABARA

Hapa hatuna la kubishana na mama. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, ina kadiri ya kilomita 50, na magari hukimbia humo mchana na usiku. Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, na waendao kwa miguu na kwa baiskeli wamo katika hesabu hiyo. Kando ya barabara kuu pametengwa vipande vya njia kwa waendesha baiskeli, lakini pikipiki huvitumia na matatu hupakia abiria papo hapo. Si mahali pa mtoto. Twasema bila kuzungusha: mtoto asiendeshe baiskeli barabara kuu ya Thika, wala asiivuke akiwa juu ya baiskeli. Akilazimika kuivuka, ashuke, aisukume, apande daraja la waendao kwa miguu.

Lakini Mungu amejaalia kuwa hatua chache kutoka kelele zile kuna nchi nyingine. Ruiru, Mugutha, Juja na Thika zilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya kahawa, na mengine yapo hadi leo. Ndani yake mna njia za udongo mwekundu zilizokatwa kwa ajili ya matrekta na wachumaji. Ukiondoa trekta moja, mbili kwa siku, na mzee anayerudi nyumbani na kuni zake, njia hizo hazina gari. Mibuni imesimama kwa mistari kulia na kushoto, na baina ya mashamba kuna miti ya mugumo na mikaratusi inayotupa kivuli.

NCHI YA MIGONGO

Mgeni atokaye pwani, aliyezoea nchi tambarare, ahitaji kuielewa sura ya nchi hii kabla ya kukanyaga pedali. Mito tuliyoitaja hutoka vilima vya kaskazini-magharibi ikiteremka kuelekea kusini-mashariki, yote ikiwa sambamba kama vidole vya mkono mmoja. Kati ya mto na mto kuna mgongo mrefu wa nchi. Wakikuyu huuita rũgongo, na sikio la Mswahili latambua udugu wa neno hilo mara moja. Sasa, njia ifuatayo mgongo kwa urefu wake hupanda polepole, hata mtoto wa miaka saba huimudu. Lakini njia ikatayo kutoka mgongo mmoja kwenda wa pili hutumbukia bondeni hadi mtoni, kisha huparamia upande wa pili kama ngazi ya msikiti. Kilomita mbili za kukata migongo huchosha kuliko kilomita kumi za kuufuata mmoja.

Kanuni yetu basi ni hii: siku ya kwanza na ya pili, fuateni mgongo mmoja tu. Nendeni kwa kupanda, mkiwa na nguvu za asubuhi, mrudi kwa kuteremka. Anayeanza kwa kuteremka hufurahi saa moja na kulia saa mbili. Mkisha kuzoea, hapo ndipo mtajaribu kushuka hadi mtoni na kupanda tena, nako kushuka na kuisukuma baiskeli si aibu kwa yeyote. Sisi wengine wenye umri husukuma kila mlima, na hufika.

Jambo la pili ni hewa. Mombasa iko usawa wa bahari. Ruiru na Thika ziko kadiri ya mita 1,500 juu yake. Pumzi huwa fupi siku za mwanzo, kichwa huuma kidogo, na kiu haionekani kwa kuwa hakuna joto la kutoa jasho jingi. Mgeni apumzike siku moja au mbili kabla ya kuendesha, na anywe maji hata asipotamani. Mwezi wa Julai asubuhi huwa na baridi na ukungu. Mtoto avae fulana mbili, moja juu ya nyingine, aivue ya juu jua likichomoza.

Jambo la tatu ni udongo. Upande wa mashamba ya kahawa udongo ni mwekundu: ukiwa mkavu hutoa vumbi, ukilowa huteleza kama sabuni. Upande wa chini, kuelekea Juja na uwanda wa Athi, mna udongo mweusi wa mfinyanzi. Huo ukinyeshewa hushika tairi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Mvua ikinyesha usiku, safari ya asubuhi iahirishwe hadi siku ya pili. Na upande wa Ndarugu kuna machimbo ya mawe ya kujengea, ambako malori hupita yakiwa yameelemewa; njia hizo ziepukwe kabisa.

YALIYO NJIANI

Njia isiyo na hadithi hurefuka. Nchi hii ina hadithi tele, na baadhi yake yafaa watoto wazijue.

Waanze na mbuni wenyewe. Sisi watu wa pwani tumekunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo tangu enzi za mababu, dele likipigwa vikombe mitaani jioni, lakini ni wangapi kati yetu waliouona ua la mbuni? Baada ya mvua mibuni huchanua yote kwa pamoja, maua meupe kama theluji kwenye kila tawi, na harufu yake ni ndugu wa asmini. Mama aliyezoea kusuka kikuba atasimama bila kuambiwa. Maua hayo hudumu siku chache tu. Tunda huwa la kijani kwa miezi, likawa jekundu, na mavuno makubwa huwa kati ya Oktoba na Disemba. Buni mbivu humenywa siku iyo hiyo iliyochumwa, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vitanda virefu vya waya. Hapo Ruiru ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa mwaka 1985 aina iitwayo Ruiru 11, mbuni mfupi unaostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani, ambao leo umepandwa na wakulima wengi wa Kenya.

Lakini mibuni hiyo haikupandwa kwa furaha ya wote. Ardhi hizi zilichukuliwa na walowezi, na Waafrika wa sehemu hizi kwa miaka mingi walikatazwa kupanda kahawa yao wenyewe. Walitakiwa wawe wachumaji tu. Juu ya Ruiru, kuelekea Githunguri, iko Kambui, alikosomea kwa wamisionari kijana aitwaye Harry Thuku, aliyezaliwa mwaka 1895. Alipokuwa mtu mzima Nairobi alisimama kupinga kodi, kipande, na hasa jambo lililowaunguza watu moyo: wanawake na wasichana kulazimishwa kwenda kufanya kazi mashambani kwa walowezi. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea kwa woga wao, akasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu. Aliporudi, baada ya miaka mingi, alikuja kuwa mkulima wa kahawa. Binti wa miaka 13 apitaye leo kwa hiari yake baina ya mibuni, na jioni akarudi kwao, yafaa ajue kwamba wasichana wa umri wake waliwahi kuletwa mashamba kama hayo kwa nguvu.

Thika mjini kuna bustani ya mugumo. Inasimuliwa kuwa mwaguzi wa Wakikuyu, Mugo wa Kibiru, aliyetabiri kuja kwa wageni na nyoka wa chuma, ambaye watu walimfasiri kuwa gari la moshi, alisema pia utawala wa wageni utakoma siku mugumo fulani utakapoanguka. Wakoloni, kwa mujibu wa masimulizi, waliufunga mti kwa chuma usianguke. Mti ulianguka mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Reli yenyewe ilifika Thika kutoka Nairobi mwaka 1913, na Nanyuki mwaka 1930. Anayeendesha mashambani karibu na Ruiru huenda akaikuta ghafla, imelala kimya katika majani.

Maporomoko ya Chania na ya Thika yako mjini Thika, karibu sana moja na jingine, na kati yake kuna hoteli iliyoanzishwa mwaka 1908. Kuyatazama kunatosha, mawe yake huteleza, na mtoto ashikwe mkono. Ng'ambo ya pili, uwandani, wauona mlima ulio peke yake: Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa kwa Kimaasai, ambao Kiswahili kimeuita Kilimambogo. Kimo chake ni kama mita 2,145, nao ni hifadhi ya taifa. Mbogo walioupa jina wamo bado, basi si mahali pa kuingia na baiskeli bila ruhusa na mwongozo wa askari wa wanyama. Kwenye mteremko wake amezikwa William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani aliyekuwa na shamba la Juja, ambako Winston Churchill alikuwa mgeni wake mwaka 1907 na Theodore Roosevelt mwaka 1909, mwaka ule ule aliposhukia Mombasa. McMillan alifariki mwaka 1925. Inasimuliwa kwamba alitaka azikwe kileleni, lakini chombo kilichombeba kilishindwa na mpando, wakamzika walipofika. Tulipowasimulia watoto kisa hicho, wakati wamechoka na mlima, mmoja wao alisema, "Basi hata tajiri alisukuma!" Wakacheka, wakapanda.

Thika na Kilimambogo ziendewe kwa gari, si kwa baiskeli. Njia ya kwenda huko ni ya magari mengi. Baiskeli zibaki mashambani.

VAZI NA CHOMBO

Kwa wanawake, suruali pana ya pamba yenye lastiki kifundoni ndiyo msingi. Juu yake livaliwe joho fupi lifikalo chini ya goti, lililopasuliwa pembeni ili goti lipande bila kulivuta. Baibui refu na dera halifai, si kwa sababu nyingine ila mnyororo: likinaswa, gurudumu husimama na mpandaji hurushwa mbele. Mtandio uwe wa kitambaa chepesi, mfupi, uliobanwa kwa pini mbili na ncha zake kutiwa ndani. Kofia ngumu ya baiskeli huvaliwa juu yake, na kamba yake hufungwa ibane kidevuni. Mtandio mnene huifanya kofia isikae; jaribuni nyumbani kwanza.

Baiskeli ya kike, ile isiyo na chuma cha juu, humfaa mama kwa kuwa hupanda na kushuka bila kuinua mguu sana. Iwe na kifuniko cha mnyororo. Kwa nchi ya vilima iwe na gia. Baiskeli nzito ya zamani, iitwayo blekimamba, ni hodari wa mizigo lakini humtesa mgeni mlimani. Hakuna haja ya kununua mpya: zilizotumika huuzwa kwa bei nafuu, na fundi wa kando ya njia ataikaza. Kabla ya kutoka, tazameni mambo manne kila siku: breki zote mbili zashika, tairi zina upepo, kiti hakichezi, usukani umenyooka. Katika begi tieni pampu, tyubu moja ya akiba, viraka na gundi. Twashauri sana binti mkubwa afundishwe kuziba pancha kwa mikono yake. Atakayeweza kujitoa njiani huogopa kidogo, na wazazi wake huogopa kidogo zaidi.

Mlimani, badili gia iwe nyepesi kabla mpando haujaanza, si katikati yake. Katika mteremko, bonyeza breki zote mbili kidogo kidogo, ukirudi nyuma ya kiti. Anayebana ya mbele peke yake kwenye changarawe hupinduka. Watoto wawe kati, mtu mzima mbele na mtu mzima nyuma, na asiwepo wa kumpita yule wa mbele katika mteremko.

ADABU ZA NJIA

Mashamba haya yana wenyewe. Njia kuonekana wazi si idhini. Nendeni langoni, mama na baba pamoja na watoto, mkawaamkie walinzi, mkaeleze mko wangapi na mwarudi saa ngapi, mkaombe ruhusa ya msimamizi. Mahali pengine tulikubaliwa kwa ukarimu, pengine tukaambiwa wanapulizia dawa, turudi wiki ijayo, pengine tukakataliwa. Kukataliwa kupokewe kwa shukrani, mlango wa kesho usifungwe. Na shamba likiwa linapuliziwa dawa, msiingie hata mkiruhusiwa.

Wachumaji wengi ni wanawake, na hulipwa kwa debe. Dakika waliyosimama kukupisha ni buni ambazo hazikuingia debeni. Shukeni, wapisheni wao. Mwanamke mzee huitwa cucu huko, na salamu yake huitikiwa kwa furaha hata Kikuyu chako kikiwa cha maneno mawili. Msimpige mtu picha bila idhini yake. Tunda lisichumwe, hata moja. Mtoto akitaka kuliona, aombe aonyeshwe. Taka zote zirudi nyumbani, kwa maana mfuko wa plastiki utupwao Mugutha una njia ya maji hadi Malindi.

Chakula bebeni chenu: tende, mahamri, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji ya kutosha. Msikiti uko Ruiru, na Thika pia, mji ambao kama miji mingi ya bara una mtaa wake wa Majengo. Lakini mashambani hamtakuta, basi chukueni mkeka mwepesi na maji ya udhu, na mpange safari kwa nyakati za swala. Kutoka baada ya kifungua kinywa na kurudi kabla ya adhuhuri hufaa kuliko yote: jua halijawa kali, na hamtashikwa na jioni. Giza huingia kwa haraka, na njia za mashambani hazina taa.

KWA DADA YETU

Twapendekeza hivi. Jumamosi hii msiende popote. Nendeni kwa miguu, familia nzima, hadi lango la shamba lililo karibu nanyi, mkaombe ruhusa. Jumamosi ya pili, baiskeli mbili za kuazima au za kukodi, mahali tambarare ndani ya shamba, saa moja tu, mabinti wafundishwe kusimama na kugeuka. Nawe jifunze pamoja nao. Mama akianguka mbele ya watoto wake na akacheka, watoto hawataogopa kuanguka. Jumamosi ya tatu, kilomita tatu za mgongo mmoja, kwenda na kurudi. Baada ya mwezi mtakuwa mwaweza kumi. Hakuna mbio, hakuna kumpima mtoto kwa mwenziwe. Na yule mkubwa msimwulize kwa nini alinyamaza. Mpeni kazi ya kuongoza: yeye ndiye awe mbele, ashike saa, aamue mahali pa kupumzika.

Shangazi yake mwalikeni likizo ya Disemba, wakati buni zimekuwa nyekundu. Mpelekeni kwa gari hadi langoni, muwekeeni kiti kivulini, mumpe kahawa ya shamba lile lile, awatazame watoto wa nduguye wakipita.

Na msichelewe. Wenyewe mwaona jinsi mashamba ya upande huo yanavyogawanywa viwanja, mibuni ikang'olewa na nyumba zikapandwa mahali pake. Watu wahitaji nyumba, hatuwalaumu. Ila njia ya udongo isiyo na gari, iliyo na kivuli, na umbali wa hatua chache kutoka mlangoni, ni neema ambayo haitamsubiri binti hadi afikishe miaka 20. Leo ana 13, na njia ipo.

Wasomaji wetu walioko bara, Nakuru, Thika, Kisumu na kwingineko, tuandikieni mtujulishe njia za aina hii mlizozigundua huko mliko, na masharti ya wenyewe. Wiki ijayo, inshallah, tutarudi pwani na kuzungumza juu ya kuwafundisha watoto kuogelea.